Nyumba ya Kupangisha, Kiwanja au Hisa za Mfuko wa Majengo: Anayeanza Achague Ipi?

Watu wengi wanaoanza kuwekeza katika ardhi na majengo hulinganisha njia zilizo mbele yao kwa swali moja tu, yaani ipi huleta faida kubwa zaidi. Swali hilo lina haki yake, lakini halimsaidii sana mtu asiye na uzoefu, kwa sababu faida anayotajiwa huwa ni ile ya mwaka mzuri, ambao nyumba imejaa, mpangaji analipa kwa wakati, bei zinapanda na benki haijaongeza riba. Katika ulinganisho huu nimelitanguliza swali jingine: njia hii itanidai nini katika mwaka mbaya, na je, nitaweza kuyatimiza madai hayo bila kulazimika kuuza? Mwenye uwezo wa kungoja huvuka misukosuko mingi ya bei akiwa salama, ilhali anayelazimika kuuza wakati soko limeanguka huigeuza hasara ya makaratasi kuwa hasara ya kweli.

Njia nitakazozilinganisha ni nne: nyumba ya kupangisha, nyumba ambayo mnunuzi anaishi humo huku akipangisha sehemu yake, hisa za mfuko wa majengo (yaani mfuko unaomiliki majengo mengi na kuwagawia wanahisa wake mapato), na kiwanja kisichojengwa. Njia ya tano, yaani kununua nyumba chakavu, kuikarabati na kuiuza, nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa siioni kuwa njia ya kuanzia.

Nyumba ya kupangisha na hisa za mfuko wa majengo

Nimeanza na jozi hii kwa sababu zote mbili huchuma kutoka chanzo kimoja, yaani kodi ya pango. Kinachozitofautisha ni nani anayeikusanya kodi hiyo, nani anayebeba gharama zinazoikata kabla haijawa faida, na jinsi mwekezaji anavyoweza kutoka anapozihitaji fedha zake.

Tuchukue nyumba yenye thamani ya 100 kwa fedha yoyote ile, inayopangishwa kwa 8 kwa mwaka. Anayeiuza atasema kwamba faida yake ni 8%. Hata hivyo, mwezi mmoja tu wa nyumba kukaa tupu baada ya mpangaji kuhama huondoa takribani 0.67. Msimamizi anayetoza sehemu ya kumi ya kodi iliyokusanywa huondoa 0.73. Matengenezo, ambayo wenye nyumba wengi hukadiria kuwa 1% ya thamani ya jengo kwa mwaka, huondoa 1 kamili, na kodi ya jengo pamoja na bima tuziweke kuwa 0.8. Kinachobaki ni 4.8, nacho bado hakijatozwa kodi ya mapato. Hiyo ndiyo faida halisi ya nyumba iliyolipiwa kwa fedha taslimu, na si mbaya hata kidogo, ila ni mbali na ile 8 iliyotangazwa.

Sasa tuongeze mkopo, kwa sababu wanaoanza ni wachache wenye fedha zote mkononi. Mnunuzi anatoa 20 na benki inatoa 80 kwa riba ya 8% kwa miaka 20. Marejesho ya kila mwezi yatakuwa takribani 0.67, yaani 8.03 kwa mwaka, na kufikia mwisho wa muda huo atakuwa amelipa kama 160 kwa mkopo wa 80. Katika rejesho la kwanza, karibu sehemu nne kati ya tano ni riba tupu. Nyumba inaleta 4.8 na mkopo unadai 8.03, kwa hiyo mwenye nyumba atatoa takribani 3.2 kila mwaka kutoka katika mshahara wake ili aendelee kuimiliki nyumba ambayo aliambiwa kuwa ingejilipia yenyewe. Ni kweli kwamba sehemu ya malipo hayo, kama 1.7 katika mwaka wa kwanza, inapunguza deni na hivyo inabaki kuwa mali yake. Hata hivyo, riba ya mwaka huo wa kwanza ni takribani 6.3, na pato halisi la nyumba ni 4.8 tu. Faida halisi ya jengo inapokuwa chini ya riba kiasi hiki, mkopo hauongezi pato bali unalipunguza, na ununuzi mzima unabaki ukitegemea jambo moja ambalo mnunuzi hana uwezo nalo, nalo ni kupanda kwa bei.

Bei ikipanda, mkopo huleta furaha kubwa. Nyumba ya 100 ikifika 110, mtaji wa mnunuzi unatoka 20 hadi 30, yaani ameongeza nusu nzima. Ikishuka hadi 90, nusu ya mtaji wake imetoweka, na ikishuka hadi 80 hana kitu tena katika nyumba hiyo ingawa deni liko pale pale. Marekani, kuanzia mwaka 2006 hadi 2012, fahirisi ya taifa ya bei za nyumba, yaani kipimo cha mwenendo wa bei hizo kwa jumla, ilishuka kwa zaidi ya robo. Waliokuwa na kazi na akiba waliendelea kulipa na kungoja hadi bei ziliporejea, lakini mamilioni ya familia walioshindwa kulipa marejesho walipoteza nyumba zao. Mkopo unaweza kuwa ule ule na kushuka kwa bei kukawa kule kule, huku hatima ya mkopaji mmoja ikatofautiana na ya mwenzake kwa sababu ya fedha alizokuwa nazo kando.

Hisa za mfuko wa majengo, unaofahamika duniani kwa kifupisho cha REIT, huondoa sehemu kubwa ya mzigo huo. Sheria ya kwanza ya mifuko hii ilipitishwa Marekani mwaka 1960 kwa lengo la kumwezesha mwekezaji mdogo kumiliki sehemu ya majengo makubwa ya biashara, na baadaye nchi nyingi zikatunga sheria zao, zikiwamo Japani na Uingereza. Nchini Marekani mfuko wa aina hii hulazimika kuwa na angalau robo tatu ya rasilimali zake katika milki za ardhi na majengo na vitu vinavyokaribiana navyo, kuwa na wanahisa wasiopungua 100, na kugawa kwa wanahisa angalau 90% ya mapato yake yanayotozwa kodi. Kwa sababu hiyo gawio lake huwa la kuonekana. Mwekezaji anaweza kuingia kwa fedha kidogo, akamiliki kipande cha majengo mengi kwa wakati mmoja, na akauza siku yoyote ambayo soko la hisa limefunguliwa. Hakuna bomba linalopasuka usiku likamhusu.

Masharti hayo hayo yana upande wa pili ambao wauzaji wa hisa hawaufafanui ipasavyo. Mfuko unaogawa karibu mapato yake yote haubaki na fedha nyingi za kukulia, kwa hiyo ukitaka kununua jengo jipya hulazimika kuuza hisa mpya au kukopa, na riba zinapopanda unaumia mara mbili: mikopo yake inakuwa ghali, na wawekezaji wanazihama hisa zake kwenda kwenye hati fungani, yaani hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, na amana za benki. Bei yake pia huonekana kila siku na hubebwa na hofu ya soko. Mwaka 2008 pekee, fahirisi ya mifuko ya Marekani inayomiliki majengo ilipoteza zaidi ya theluthi moja, kasi ambayo bei za nyumba zenyewe hazikuifikia. Gawio lake mara nyingi hutozwa kodi kama pato la kawaida, na mwanahisa mdogo hana sauti juu ya jengo lipi linunuliwe.

Kuna tahadhari nyingine hapa. Wepesi wa kutoka unatokana na kuorodheshwa kwa mfuko katika soko la hisa, na wala hautokani na neno mfuko. Ipo mifuko isiyoorodheshwa ambayo huahidi kurudisha fedha wakati wowote ilhali imezifunga katika majengo yanayochukua miezi kuuzwa. Uingereza, mwezi Julai mwaka 2016, baada ya kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, mifuko kadhaa ya namna hiyo ilisitisha urejeshaji wa fedha kwa sababu waliotaka kutoka walikuwa wengi kuliko fedha zilizokuwapo. Kabla ya kununua, soma kama hisa zinauzwa sokoni, deni la mfuko ni sehemu gani ya thamani ya majengo yake, na ni sehemu gani ya majengo hayo iliyo na wapangaji. Mpango wowote unaoahidi faida isiyobadilika na ambao msimamizi wa masoko ya mitaji wa nchi husika hamtambui mwendeshaji wake, uachwe hapo hapo.

Katika jozi hii, kwa mtu ambaye akiba yake haitoshi malipo ya awali, gharama za uhamisho na akiba ya angalau miezi sita ya marejesho kwa pamoja, hisa za mfuko ulioorodheshwa ni bora waziwazi. Nyumba ya kupangisha inashinda pale tu faida yake halisi inapoizidi riba ya mkopo au kuikaribia sana, na pale mnunuzi anapoujua vizuri mtaa anaonunua. Nyumba ina sifa moja ambayo hisa haina: mnunuzi mwenye subira na maarifa anaweza kujadiliana bei, akaongeza choo au chumba, akamchagua mpangaji mzuri, na hivyo akaipandisha faida kwa juhudi yake mwenyewe. Asiye na muda wa kufanya hayo anabeba uzito wote wa nyumba bila kuifaidi sifa yake kuu.

Kuishi humo humo na kupangisha sehemu

Njia hii huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili, na mimi naiona kuwa shule bora kwa mwenye nyumba mpya. Mnunuzi anapata jengo lenye sehemu mbili au zaidi, au nyumba yenye vyumba vya ziada, anakaa upande mmoja na kupangisha uliobaki.

Turudi kwenye jengo la 100. Tuseme lina sehemu mbili zinazolingana, kila moja ikistahili kodi ya 4, na mnunuzi awali alikuwa akilipa 4 kwa kupanga kwingine. Kwa kuwa anaishi humo, nusu yake haikai tupu kamwe, kwa hiyo mwezi mmoja wa utupu unamgharimu 0.33 tu, na hahitaji msimamizi. Akitoa matengenezo, bima na kodi ya jengo, pato lake pamoja na pango alilojiepushia hufika takribani 5.9 badala ya 4.8. Pengo la kujazia marejesho linashuka kutoka 3.2 hadi kama 2.1. Zaidi ya hayo, katika nchi nyingi pango ambalo mtu amejiepushia kwa kuishi kwake halitozwi kodi ya mapato, na benki huwa na masharti nafuu kwa nyumba ya kuishi kuliko ya biashara. Nchini Marekani, kwa mfano, mikopo inayodhaminiwa na FHA, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1934, huruhusu jengo la hadi makazi manne kwa malipo ya awali yanayoanzia 3.5%, mradi mnunuzi aishi humo.

Mwaka mbaya nao huwa mwepesi zaidi. Mpangaji akiondoka, mwenye nyumba bado ana paa juu ya kichwa chake, na nusu ya jengo haijapoteza chochote. Unyevu ukutani anauona siku ile ile, na anajifunza kuandika mkataba, kupokea amana na kudai kodi akiwa na mpangaji mmoja tu.

Gharama ya njia hii ni ya kijamii zaidi kuliko ya kifedha. Mpangaji anayechelewa kulipa ni yule yule unayekutana naye mlangoni kila asubuhi, na mtu anayeona haya kudai haki yake atateseka. Familia inayothamini faragha inapaswa kulijadili jambo hili kabla ya kulipa chochote, kwa sababu ununuzi ambao mwenzi mmoja hakuukubali huvunjika upesi. Mkataba wa mkopo na kanuni za jengo visomwe pia, kwa kuwa baadhi hukataza kupangisha sehemu bila idhini.

Kiwanja dhidi ya jengo

Kiwanja kinavutia kwa sababu zinazoeleweka: bei ya kuingilia huwa ndogo kuliko ya nyumba, hakina mpangaji, hakichakai, na mnunuzi anaweza kukijenga atakapokuwa tayari. Kasoro yake kubwa ni kwamba hakileti pato lolote kinapongoja. Fedha ambazo zingeweza kupata 5% kwa mwaka mahali pengine zingekuwa zimetoka 100 hadi karibu 163 baada ya miaka 10, kwa hiyo kiwanja kilichonunuliwa kwa 100 kinapaswa kufika hapo, pamoja na kurudisha kodi ya ardhi na gharama za ulinzi za miaka yote hiyo, ili mmiliki awe hajapoteza. Mtu anayesimulia kwamba alinunua kwa 100 akauza kwa 150 baada ya miaka kumi anasimulia faida ambayo haikuwapo.

Kwenye nyumba, hatari kubwa ni ya soko na ya mpangaji. Kwenye kiwanja, hatari kubwa ni ya kisheria, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi ninapowaona wanaoanza wakikimbilia ardhi kwa sababu ya urahisi wake. Kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu wawili, kinaweza kuwa mali ya mirathi ambayo warithi wengine hawajaridhia kuuzwa, kinaweza kuwa katika eneo lililotengwa kwa barabara, na mipaka iliyoonyeshwa kwa mkono inaweza kutofautiana na ile iliyo katika ramani ya upimaji. Katika nchi zinazofuata mfumo wa usajili wa Torrens, ulioanza Australia Kusini mwaka 1858, kinachothibitisha umiliki ni daftari la msajili wa ardhi na si karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji. Kwingine, mnunuzi hulazimika kufuatilia mlolongo wa hati za wauzaji waliotangulia. Kwa vyovyote vile, upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, mpima ardhi wa kuhakiki mipaka, uthibitisho wa matumizi yaliyoruhusiwa, na mwanasheria ambaye si wa muuzaji ni gharama za lazima. Asiyeweza kuzimudu hana uwezo wa kukinunua kiwanja hicho.

Sishauri kiwanja kama uwekezaji wa kwanza wa mtu anayetafuta pato. Kinamfaa anayejua atajenga nini na lini, na ambaye anaweza kukaa bila fedha hizo kwa miaka kadhaa. Benki nyingi hukopesha kwa kiwanja kitupu kwa masharti magumu kuliko kwa nyumba, na mwenye kiwanja anapopata dharura, mnunuzi huwa mgumu kupatikana.

Kukarabati na kuuza

Tuseme umenunua kwa 100, umekarabati kwa 20 na unatarajia kuuza kwa 140. Toa gharama za ununuzi 4, dalali na gharama za kuuza 7, na riba ya 12% kwa mkopo wa 80 uliokaa miezi sita, yaani 4.8. Kinachobaki ni 4.2, na ukarabati ukizidi makadirio kwa robo tu, jambo la kawaida katika ujenzi, faida yote imeondoka na umeingia hasarani. Wafanya biashara hii Marekani wana kanuni ya kuchukua 70% ya bei ya kuuzia, kutoa humo gharama za ukarabati, na kutolipa zaidi ya kinachobaki, ambacho hapa kingekuwa 78. Kulipata jengo kwa bei ya namna hiyo kunahitaji jicho la fundi na mtandao wa watu ambao anayeanza hana bado.

Kununua pamoja na wengine

Wapo wanaoziba upungufu wa mtaji kwa kuungana na ndugu au marafiki. Kwa nyumba ya kupangisha njia hii inawezekana, lakini hati ieleze aina ya umiliki. Katika sheria zenye asili ya Kiingereza, kuna umiliki ambao mmoja akifariki sehemu yake huenda kwa wenzake waliobaki, na kuna ule ambao sehemu yake huenda kwa warithi wake. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa bila kuandikwa. Mkataba pia useme jinsi mmoja atakavyonunuliwa akitaka kutoka, na nani atathamini jengo siku hiyo. Ikiwa wenzako wanakwepa mazungumzo hayo, hisa za mfuko zinakupa umiliki wa pamoja ulio na kanuni zilizokwisha kuandikwa.

Jaribio kabla ya kusaini

Aliye na kipato cha uhakika na akiba ndogo aanze na hisa za mfuko ulioorodheshwa, akiongeza kiasi kidogo kila mwezi, na azipe muda wa miaka na si miezi. Anayelipa pango na yuko tayari kukaa jirani na mpangaji wake atafute jengo la sehemu mbili kabla ya kufikiria nyumba ya kupangisha iliyo mbali. Mwenye mtaji mkubwa wa fedha taslimu, asiyehitaji kukopa zaidi ya 40% ya bei, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya kupangisha, kwa sababu kwa mkopo wa 40 kwa masharti yale yale marejesho yake ni takribani 4 kwa mwaka na nyumba iliyoleta 4.8 inayalipa yenyewe.

Anayesita kati ya nyumba ya mkopo na hisa afanye jaribio hili kwa miezi sita. Apige hesabu ya nyumba halisi anayoitamani kama tulivyofanya hapo juu, apate pengo la kila mwezi kati ya pato halisi na marejesho, aliongezee kodi ya mwezi mmoja iliyogawanywa kwa sita kwa ajili ya dharura, kisha aitenge fedha hiyo kila mwezi katika akaunti ambayo haigusi kwa matumizi ya kawaida. Akimaliza miezi sita bila kuidokoa, amethibitisha kwamba mshahara wake unaweza kuibeba nyumba hiyo, na tayari ana mwanzo wa akiba yake. Akilazimika kuichukua katika mwezi wa tatu, aielekeze iliyobaki kwenye hisa, kwa kuwa huko mwezi mgumu utamruhusu kuacha kununua bila benki kumfuata.